Nimeacha mkorogo na dawa ya nywele: ngozi na nywele zangu nizitunzeje kwa vitu vya nyumbani?

Mwalimu wa Tanga aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Nina umri wa miaka 41, ni mwalimu wa shule ya msingi, na naishi Tanga mjini. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu kila nikiuliza kwa mkato napewa majibu ya mkato, na hayo nimeyapata ya kutosha.

Kwa muda wa miaka sita nilikuwa najipaka mkorogo. Ulikuwa mchanganyiko wa krimu mbili za kopo na dawa moja ya mrija, niliokorogewa na muuzaji wa vipodozi na kutiliwa kwenye kopo lisilo na maandishi yoyote. Miezi mitatu iliyopita niliuacha ghafla, baada ya kuona michirizi mapajani na kwapani, na mashavu kuanza kuingia weusi wa kibuluu pale juu ya mfupa, mahali ambapo palikuwa peupe kuliko pengine pote. Tangu hapo uso unaniwaka kama uliopakwa pilipili, hasa ninaporudi kutoka kazini saa nane mchana. Umejaa vipele vidogo vidogo, na usiku najikuna usingizini mpaka nashtuka. Mikono nayo ina rangi tatu, maana vifundo vya vidole havikuwahi kubadilika hata mkorogo ulipokuwa umekolea.

Nywele zina habari yake. Nilianza kuzitia dawa nikiwa chuoni, na mwaka huu nimeacha. Zinazoota sasa ni zangu za asili, za kipilipili, na zile za zamani zimelala chini yake zikiwa nyembamba, na zinakatika palepale zinapokutana. Mapanja yote mawili yamepungua. Upande wa kushoto ngozi inaonekana ikimeta, na pale mbele nina mvi ambazo nilizoea kuzificha.

Nilipowaeleza wenzangu kwamba sasa nataka vitu vya asili tu, kila mmoja alinipa chake: nisugue uso kwa limau na sukari, nipake manjano na asali, nipake dawa ya meno juu ya vipele, nioshe nywele kwa magadi ili mba zitoke, nisugue mapanja kwa kitunguu maji, nipake mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni, nifiche mvi kwa piko. Nimeviandika vyote kwenye daftari, navyo vimefika 14. Maji ninayoogea ni ya kisima na yana chumvi. Fedha ninayoweza kutenga haizidi shilingi 15,000 kwa mwezi, na muda wangu ni jioni pamoja na siku ya Jumamosi.

Naomba anayejua anieleze nianze na kipi, kipi nisikiguse kabisa, na nitarajie kusubiri kwa muda gani.

Mama Mapacha, Morogoro alijibu:

Pole sana, dada yangu. Mimi si mtaalamu, ila kuhusu hilo la limau nakusihi usilijaribu, na nitakuambia kilichonipata.

Mwaka juzi nilikuwa na madoa ya chunusi, nikakata ndimu mbili nikajisugua uso na shingo, nikaacha maji yake yakaukie, kisha nikatoka kwenda sokoni mnamo saa nne asubuhi. Siku hiyo sikuona kitu. Siku ya pili nikaamka na mistari myekundu inayowaka shingoni, na jioni mistari hiyo ikatoa malengelenge. Yalipopasuka na kukauka ikabaki michirizi myeusi iliyofuata kila njia ambayo maji ya ndimu yalitiririka, kuanzia chini ya sikio hadi kwenye kola ya gauni. Ungedhani nimechorwa kwa kalamu. Ilichukua miezi mitano kufifia, nami muda wote huo nilifunga mtandio hata jikoni.

Hospitalini nilielezwa kwamba ndani ya ndimu na limau mna kemikali ambazo zikikutana na mwanga wa jua juu ya ngozi huiunguza. Nilikuwa nimejiunguza kwa tunda lile lile ninalokamulia kwenye samaki kila siku, na sikuwa nimewahi kutumia mkorogo. Ngozi yako iliyokwisha kuchoka haitastahimili jambo hilo.

Tabibu wa Ngozi alijibu:

Mwalimu, nakupa pole, na pia nakupa heko kwa kuacha. Mimi ni tabibu wa magonjwa ya ngozi, niliyesomea Moshi, pale hospitali ya rufaa ya KCMC, kwenye chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Siwezi kukupima kwa maandishi, lakini maelezo yako yananipa mambo ya kukuambia kabla hatujafika jikoni.

Kuwaka, wekundu na vipele vinavyotokea baada ya kuacha ghafla ni dalili tunazoziona kwa watu ambao mkorogo wao ulikuwa na steroidi kali, na mara nyingi ile dawa ya mrija ndiyo yenyewe. Steroidi huikandamiza ngozi isiwashe wala isivimbe, huku ikiifanya kuwa nyembamba, na siku ikiondolewa ngozi hulipuka. Watu wengi hufikia hapo wakadhani kwamba mkorogo ndio uliokuwa ukiwaponya, wakaurudia. Wewe usirudi. Hali hii huweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi mingi, ikitulia kidogo na kuamka tena, na kila safari inayoamka mtu hujaribiwa kupaka kitu kipya. Ule weusi wa kibuluu juu ya mfupa wa shavu huletwa mara nyingi na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, iliyotumika kwa miaka mingi. Huo hauko juu juu, umeingia ndani ya ngozi, kwa hiyo hakuna sukari, manjano wala ndimu itakayoufikia. Kuusugua ni kuongeza jeraha tu.

Tafadhali nenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa, na kopo lile usilitupe, nenda nalo. Mwambie daktari ulijipaka mwili mzima au uso tu, na kwa miaka mingapi, kwa sababu steroidi ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu huingia kwenye damu, na tezi za mwili zinazotengeneza homoni ya aina hiyo huzembea. Ukiwa na kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au kichefuchefu, usingoje siku ya kliniki. Mwulize pia kuhusu kipimo cha mkojo. Baadhi ya bidhaa za kung'arisha ngozi zimekutwa na zebaki, ambayo huharibu figo, ingawa Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kusafirisha vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni. Kopo lisilo na maandishi halina namna ya kukuhakikishia lolote.

Sasa nije kwenye orodha yako. Ngozi ya mtu ina ukali kidogo, ukali wa asidi, na kwenye kipimo kinachoanzia 0 hadi 14, ambacho namba ikishuka asidi inazidi, hukaa karibu na 5. Maji ya limau yako karibu na 2. Magadi, yale tunayotia kwenye maharage yalainike upesi, hufika karibu na 10 au zaidi yakiyeyushwa majini, na kile yanachoyafanyia maharage ndicho yatakachokifanya juu ya ngozi ya kichwa chako na kwenye nywele ambazo tayari zinakatika. Sabuni ya mche nayo iko upande huo huo wa magadi, kwa hiyo iache ifue nguo. Dawa ya meno imetengenezwa kwa ajili ya meno, na mnanaa wake utakuwasha zaidi. Vitunguu viache viende kwenye mchuzi.

Mtu wa pwani ataielewa ngozi kwa mfano wa paa la makuti. Likiwa limeezekwa vizuri, kuti linalala juu ya kuti, mvua haiingii na nyumba haipotezi ubaridi wake. Mkorogo umeliondoa tabaka baada ya tabaka, na katika hali hiyo hata kitu chema kikipakwa hupita moja kwa moja hadi mahali kisipotakiwa kufika. Ndiyo maana kwa miezi miwili au mitatu ijayo nakuomba ufanye mambo machache mno. Uso uuoshe kwa maji tu, ya baridi au ya uvuguvugu, kwa viganja na bila dodoki. Sabuni isiyo na manukato itumie kwapani, miguuni na sehemu zinazotoa jasho. Ukimaliza kuoga jifute kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu, kabla dakika tatu hazijapita, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Hayatoki kwenye mti wowote, nami najua uliomba vitu vya asili, lakini ndicho kitu nafuu na kipole kuliko vyote ninavyovijua kwa ngozi iliyojeruhiwa, maana hayana cha kuichokoza, na hulizuia lile paa lisivuje linapoezekwa upya. Kama vipele vya usoni vitaongezeka, punguza kiasi na umwambie daktari.

Mchana tembea na mwavuli au kofia pana. Mafuta ya nazi hayazuii jua kwa kiasi cha kutegemewa, wala manjano hayazuii. Mshubiri, asali na vinginevyo viweke kando hadi kuwaka kutakapokoma, na hata siku hiyo ukijaribu kimoja, kipake upande wa ndani wa kiwiko na ukiangalie kwa siku mbili kabla ya kukipeleka usoni. Mshubiri ukatwe na kusimamishwa kwenye kikombe ili ule utomvu wa manjano uchuruzike wote. Utomvu huo ndio shubiri yenyewe, ile waliyojipaka mama zetu kwenye matiti walipotuachisha ziwa, nao huwasha. Kinachopakwa ni ule ute mweupe wa ndani peke yake.

Bi Mkubwa wa Unguja alijibu:

Marahaba, mwanangu. Nimesoma aliyoyaandika tabibu nami namuunga mkono, ingawa mimi ni mtu wa liwa, ule msandali wa kusugua na kujipaka, na singo tangu nilipopata akili, na bibi yangu alikuwa somo anayewatia wari ndani kabla ya harusi.

Watu wanaisifu singo bila kukumbuka ilikuwa ikipakwa nani. Mwari alikuwa msichana ambaye ngozi yake ni nzima. Alifungiwa ndani siku kadhaa asipigwe na jua, na kila siku akasuguliwa kwa mkono wa mtu mzima anayejua wapi pa kukaza na wapi pa kupitisha kiganja tu. Ndani ya singo mlikuwa na karafuu iliyosagwa, liwa, mawaridi, asumini na mlangilangi, vikichanganywa kwa marashi. Bibi alipoona mwari ana kidonda hata cha ukubwa wa punje ya mtama, alikuwa akipaacha pale mahali, na kama ni uso mzima una vipele basi uso haukuguswa. Karafuu ni moto, mwanangu. Leo naona singo inauzwa kwenye mifuko, mtu anajisugua mwenyewe bafuni juu ya ngozi iliyobabuka, kisha inasemwa kwamba dawa za wazee ni mbaya.

Kwa hiyo uso wako sina cha kuupa kwa sasa. Lakini kichwa na mwili, pale pasipo na vipele wala kuwaka, naweza kukupa mambo mawili ambayo Tanga hayatakugharimu sana.

La kwanza ni mafuta ya nazi unayoyapika mwenyewe. Chukua nazi tano zilizokomaa, zikune, ukamue kasimile kwa maji machache ya uvuguvugu, ulichuje kwa kitambaa na uliache kwenye bakuli usiku kucha. Asubuhi utaona utando mzito umepanda juu na maji yamebaki chini. Engua ule utando, maji yaache. Ubandike kwenye moto mdogo na usiondoke hapo. Kwanza utatoa povu jeupe na kuchemka kwa kelele, kisha utakatika, mafuta yajitenge na chembechembe. Sikiliza sauti. Maji yakiwa bado yamo, sufuria itakuwa inasema. Siku zote mimi naepua pale inaponyamaza, chembechembe zikiwa zimeanza tu kuingia rangi ya kahawia. Ukizidisha hapo yananuka moshi, na ukiepua mapema, maji yaliyobaki yatayachachisha ndani ya wiki. Nazi tano hunipa chupa ndogo ya soda, na wakati mwingine haijai. Yapake kwenye nywele saa chache kabla ya kuziosha, hasa kwenye ncha, maana mafuta ya nazi yana sifa ya kuingia ndani ya unywele wenyewe, ilhali mengi mengine huishia juu. Usiyamimine kwenye ngozi ya kichwa kama una mba, kwani mba hustawi penye mafuta.

La pili ni mkunazi. Huku kwetu na kwa ndugu zetu wa Omani majani ya mkunazi yameosha vichwa kabla shampuu haijaletwa dukani, na hata maiti huoshwa kwa maji yake. Chuma majani mabichi, yaoshe, yaanike kivulini mpaka yavunjike kwa vidole, yatwange na uchekeche kwa kitambaa chepesi mpaka upate unga laini. Vijiko vitatu vya unga kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, upige kwa mkono kama unayepiga mayai, na povu litapanda. Paka kichwani, kaa dakika kumi, suuza mpaka maji yatoke safi. Unga usipouchekecha vizuri utakaa siku mbili ukiokota vipande vya majani kichwani, kwa hiyo hapo pa kuchekecha usifanye haraka. Mkunazi hauoteshi nywele, ila unasafisha bila kuzikausha kama vibanzi.

Mwalimu wa Tanga aliandika:

Nimerudi baada ya wiki mbili, na nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nilikwenda hospitali na kopo langu. Daktari alilinusa, akaniuliza maswali karibu yale yale ya tabibu, akaniandikia kipimo cha mkojo pamoja na dawa ya vipele, na akanikataza kupaka kitu kingine chochote usoni zaidi ya mafuta ya mgando. Majibu ya mkojo nitayapata wiki ijayo. Kuwaka hakujaisha, lakini sasa nalala hadi alfajiri, na hilo sikuwa nalo tangu mwezi wa pili kuisha.

Nimebaki na swali la nywele. Je, nizikate zote au nizivumilie? Na mapanja yatarudi?

Msusi wa Kisauni alijibu:

Dada, mimi nasuka na kutunza nywele hapa Mombasa kwa miaka 18, na wateja wa aina yako nawapata kila mwezi.

Pale nywele za zamani zinapokutana na mpya ndipo palipo dhaifu kuliko pote, kwa sababu unywele uliotiwa dawa umenyimwa nguvu yake moja kwa moja na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Una njia mbili. Unaweza kukata zote zilizotiwa dawa ukabaki na kichwa kifupi, na ndivyo ninavyowashauri walio wengi, maana baada ya siku hiyo kazi inakuwa nyepesi na gharama inashuka. Au unaweza kupunguza ncha kidogo kidogo kila baada ya wiki sita hadi nane. Nywele huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, wengine chini ya hapo, kwa hiyo njia hiyo itakuchukua mwaka na zaidi, na katika muda wote huo lazima uzishike nywele kama unayeshika yai.

Kuhusu mapanja nitakuwa mkweli. Nywele za mapanja huisha kwa kuvutwa, na dawa huzimalizia tu. Rasta nzito, mistari iliyokazwa mpaka nyusi zikapanda, mpira wa kubania uliokaa pale pale kwa miaka. Ukiona vipele vyeupe kwenye mashina ya nywele siku ya pili baada ya kusuka, au ukilazimika kumeza dawa ya maumivu ili ulale, basi tayari shina linang'olewa. Kuvuta kukikoma mapema nywele hurudi, kwa kawaida baada ya miezi kadhaa. Lakini pale ambapo ngozi inameta na huoni hata kitundu cha unywele, huenda pameshakuwa kovu. Upande wa kushoto mwonyeshe yule daktari, usiusugue kwa kitunguu. Mafuta ya nyonyo nayauza mwenyewe na bado nakuambia kwamba sijaona kichwa kilichooteshwa nayo. Ni mazito, yanazifunika nywele zisikauke, na nakushauri uyachanganye kijiko kimoja kwa vitatu vya mafuta ya nazi, maana yakitumika peke yake kwa wingi huzigandisha nywele zikawa fundo lisilofunguka.

Kwa kila wiki yatakutosha haya. Ijumaa usiku paka mafuta ya nazi. Jumamosi zigawe nywele mafungu manne, ukaoshe kwa mkunazi wa Bi Mkubwa au shampuu laini. Hapo nazungumzia pia maji yako ya kisima, kwa sababu sabuni ya kawaida ikikutana na chumvi ya maji hayo hufanya utando mweupe unaong'ang'ania nywele na kuzifanya zikwaruze, na watu huuona utando huo wakadhani ni mba. Maji ya mvua ukiyapata yakinge kwa ajili ya kusuuzia. Usipoyapata, suuza mara ya mwisho kwa lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha siki, uinamishe kichwa nyuma ili yasifike usoni kwako. Tia kondishena, chana kwa kitana chenye meno mapana ukianzia kwenye ncha na kupanda taratibu kuelekea kwenye shina, na kamwe usichane zikiwa kavu. Zikikaribia kukauka zifunge kwa uzi mweusi, ule ule waliotufungia bibi zetu, bila kukaza. Uzi hunyoosha nywele bila moto, na hautakugharimu kitu. Ukitaka kusuka, twende kilioni kubwa kubwa kwa nywele zako mwenyewe inakutosha, na uache nywele za pembezoni mwa uso zikae huru. Usiku funga kitambaa cha satini, kwa kuwa leso ya pamba hunyonya mafuta na kuzikwaruza nywele unapogeuka.

Na sasa piko. Dada, hili naliandika nikiwa na uchungu. Piko si hina. Ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini, na kwa bibi harusi mmoja niliyemjua, maua aliyochorwa mikononi yaligeuka malengelenge yenye umbo la yale yale maua, siku ya tatu baada ya harusi. Anayedhurika nayo mara moja mwili wake haumsamehe tena, na kwa ngozi yako ya sasa sitaki hata uikaribie. Hina ya kweli ni unga wa kijani unaonuka kama majani makavu, na rangi yake hutoka nyekundu ya kutu. Hakuna hina inayotoka nyeusi ti. Ikikuwia vema baada ya kuijaribu kwenye kiwiko, mvi zako zitakuwa na rangi ya shaba, na mimi napenda zinavyokaa. Nafasi ikiruhusu ningependa tabibu aseme neno kuhusu watoto, maana huku naona wachanga wakipakwa hina.

Tabibu wa Ngozi alijibu:

Namshukuru msusi kwa kuligusa hilo. Watoto wachanga wasipakwe hina, hata iliyo safi. Katika maeneo yetu ya malaria wapo watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwa mtoto mchanga mwenye hali hiyo rangi ya hina hupenya ngozi na kuvunja chembe nyekundu za damu, akapata manjano ya mwili na upungufu wa damu wa ghafla. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anayo hali hiyo mpaka siku hiyo inapofika.

Mwalimu, kwa mtu mzima mwenye afya, hina safi kwenye nywele haina neno, ila ningoje nisikie majibu ya mkojo wako kwanza.

Mwalimu wa Tanga aliandika:

Majibu yametoka, zebaki haikuonekana kwa kiwango cha kutisha, ila daktari amesema tutarudia baada ya miezi mitatu. Jumamosi nilikaa mbele ya kioo na mkasi, mdogo wangu akanimalizia nyuma. Kichwa ni kifupi na chepesi, nami nililia kidogo, kisha nikakiosha kwa mkunazi na maji ya mvua. Upande wa kulia pana vinyweleo vipya, vifupi kama vya mtoto. Wa kushoto bado, na daktari amenipa dawa ya kupaka pale.

Bi Mkubwa, unisamehe kwa kukusumbua tena: liwa nitaruhusiwa lini?

Bi Mkubwa wa Unguja alijibu:

Hunisumbui, mwanangu. Uso ukae mwezi mzima bila kuwaka, na tabibu wako akubali, ndipo uanze. Tafuta kijiti cha liwa, usinunue unga, maana unga hujui umechanganywa na nini. Na ukikikosa usihangaike, kwani mti wenyewe umekuwa adimu, na biashara ya kimataifa ya ule msandali wa Afrika Mashariki inadhibitiwa tangu mwaka 2013. Kisugue juu ya jiwe kwa matone machache ya maji mpaka upate uji mwepesi. Mara ya kwanza upake nyuma ya sikio na ulale nao. Kukikucha salama, paka uso kwa utando mwembamba jioni, uoshe kabla haujakauka ukapasuka, kwa sababu ukipasuka unavuta ngozi. Na jiwe hilo liwe la liwa peke yake. Usiazime la jirani ambalo jana lilisagiwa pilipili.